Sukari Sahili: Jina na Kazi Yake katika Kemia, Chakula na Mwili

Utangulizi

Katika maabara za shule za sekondari nchini Kenya kuna jaribio moja ambalo wanafunzi wa biolojia hulifanya mwaka baada ya mwaka. Maji ya chakula kinachochunguzwa hutiwa katika kijichupa cha kioo, huongezwa myeyusho wa Benedict ambao una rangi ya samawati, kisha huchemshwa. Chakula kikiwa na sukari, rangi hugeuka kuwa kijani, kisha manjano, na mwishowe nyekundu kama ya tofali. Maji ya zabibu hugeuka. Asali hugeuka. Maziwa nayo hugeuka. Lakini mwanafunzi akichukua sukari yenyewe, ile inunuliwayo dukani kwa kilo, akaiyeyusha na kuichemsha vivyo hivyo, rangi hubaki samawati. Kwa mujibu wa kipimo cha sukari, sukari ya dukani haina sukari.

Ajabu hii ina maelezo yake katika kemia, nayo yatatolewa hapa chini. Hata hivyo, kabla ya kuwa jambo la kemia, ni jambo la lugha. Neno sukari katika Kiswahili cha leo limetwikwa mizigo minne. Kwanza, ni chembe tamu zitiwazo katika chai. Pili, katika vitabu vya sayansi, ni jina la jamii nzima ya kampaundi, ambazo baadhi yake si tamu sana. Tatu, hospitalini, ni kitu kimoja mahsusi kipimwacho katika damu. Nne, vinywani mwa watu, ni ugonjwa: husemwa kwamba fulani "ana sukari". Mizigo hii ikichanganywa sokoni, hakuna hasara kubwa. Ikichanganywa kando ya kitanda cha mgonjwa, hasara yake yaweza kuwa uhai wa mtu.

Makala haya yanakusudia kueleza sukari sahili ni nini katika kemia, hupatikana vipi katika chakula, na hufanya kazi gani mwilini. Kisha kuonyesha kwamba Kiswahili kinazo tayari njia za kutenganisha mizigo hiyo minne, mradi wataalamu wake wakubali kuzitumia kwa utaratibu.

Asili ya majina

Neno sukari limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, sukkar. Waarabu walilipokea kutoka Kiajemi, shakar, na asili yake ya mbali ni Sanskriti, śarkarā, neno ambalo maana yake ya kwanza ni changarawe au kokoto. Kwa hiyo hapo mwanzo jina hili halikutaja utamu. Lilitaja umbo la kitu, yaani vile vijiwe vidogo vinavyobaki maji ya miwa yakichemshwa hadi kukauka. Neno hilo hilo lilishika njia nyingine, likapita katika Kigiriki na Kilatini, na kutoka huko wanasayansi wakaunda majina kama monosakaridi na polisakaridi. Mchuuzi asemaye sukari na mwanakemia asemaye monosakaridi wanatumia shina moja lililosafiri kwa njia mbili.

Majina ya aina mbalimbali za sukari yana historia fupi zaidi. Mwaka 1838 wanakemia wa Ufaransa, akiwamo Jean-Baptiste Dumas, waliipa sukari ya zabibu jina la glucose, kutokana na neno la Kigiriki gleukos, yaani maji matamu ya zabibu ambayo hayajawa divai. Mkia wa jina hilo ukakatwa, ukageuzwa kiambishi cha kuundia majina mengine. Fruktosi ikatokana na neno la Kilatini la tunda, laktosi na neno la Kilatini la maziwa, galaktosi na neno la Kigiriki la maziwa hayo hayo, na maltosi na neno la Kiingereza la kimea. Kiswahili kimeupokea mkia huo kwa umbo la -osi. Mwanaisimu hatakosa kuona kwamba hii ni mofimu kamili: aionaye mwishoni mwa jina la kampaundi hujua mara moja kwamba kampaundi hiyo ni ya jamii ya sukari, hata ikiwa ni selulosi, ambayo haina utamu wowote.

Sukari sahili katika kemia

Sukari zote zimeundwa kwa elementi tatu: kaboni, haidrojeni na oksijeni. Mwanaisimu amezoea kutenganisha sentensi sahili na sentensi ambatano. Kigezo cha mwanakemia hakiko mbali na hicho. Sukari sahili ni ile ambayo, hata ikichemshwa katika maji yenye asidi, haivunjiki kuwa sukari nyingine ndogo zaidi. Katika chakula cha binadamu sukari sahili zilizo kuu ni tatu: glukosi, fruktosi na galaktosi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba zote tatu zina fomula moja, C6H12O6. Kila moja ina atomu 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni, wala hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Kinachozitofautisha ni mpangilio. Maneno kata na taka yameundwa kwa herufi zile zile, lakini hakuna msemaji wa Kiswahili ayachanganyaye. Ndivyo zilivyo glukosi na fruktosi. Tofauti kati ya glukosi na galaktosi ni finyu zaidi. Ni kwamba katika kaboni ya nne, kikundi kimoja cha oksijeni na haidrojeni kimeelekea upande wa pili. Ni kama pata na bata, maneno ambayo hutengwa na sauti moja tu, na sauti hiyo moja yatosha kubadili maana yote. Aliyeufumbua mpangilio huu ni Mjerumani Emil Fischer. Alionyesha kwamba umbo la glukosi ni moja kati ya maumbo 16 yanayowezekana, akalibainisha ni lipi, na mwaka 1902 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Sukari sahili mbili zikiungana, molekuli moja ya maji hutoka na kiungo hufungika baina yao. Glukosi ikiungana na fruktosi huwa sukrosi, ambayo ndiyo sukari ya dukani. Glukosi na galaktosi huwa laktosi, sukari ya maziwa. Glukosi mbili huwa maltosi, sukari ya kimea. Hapa ndipo lilipo jibu la ajabu ya maabara. Myeyusho wa Benedict hubadilika rangi kwa sababu sukari huwa na ncha moja iliyo huru, ambayo huweza kutenda juu ya madini ya shaba yaliyomo katika myeyusho huo. Katika sukrosi, ncha ya glukosi na ncha ya fruktosi zimefungwa zote mbili katika kiungo kimoja, kwa hiyo hakuna ncha iliyobaki ya kutenda kazi. Mwanafunzi akiichemsha kwanza kwa asidi hafifu ili kiungo kivunjike, akaizimua asidi hiyo kwa magadi, kisha akarudia kipimo, rangi nyekundu hutokea.

Sukari sahili zaweza pia kuungana kwa mamia na maelfu. Wanga ni mnyororo wa glukosi tupu. Selulosi, inayojenga kuta za seli za mimea, nayo ni mnyororo wa glukosi tupu. Tofauti ni mwelekeo wa kiungo kati ya glukosi moja na ya pili. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenga unga na mwiko: unga wa ugali kwa sehemu kubwa ni wanga, na mti wa mwiko unaousonga kwa sehemu kubwa ni selulosi. Chango la binadamu linacho kimeng'enya cha kukata viungo vya wanga, wala halina cha kukata viungo vya selulosi. Ng'ombe huishi kwa nyasi kwa sababu tumboni mwake wamo vijidudu wanaomfanyia kazi hiyo.

Sukari sahili katika chakula

Chanzo cha sukari zote ni jani la kijani. Kwa nguvu ya mwanga wa jua, jani huunganisha maji na hewa ya kaboni dioksidi, na kutokana na hayo mmea hujipatia sukari. Utaratibu huo huitwa usanisinuru. Mmea husafirisha sehemu ya mali hiyo kwa umbo la sukrosi na kuiweka akiba kwa umbo la wanga katika mbegu, mizizi na matunda. Muwa ni mmea wa pekee kwa kuwa huweka akiba yake kwa sukrosi yenyewe, ndani ya shina. Katika ukanda wa miwa wa magharibi ya Kenya, ambako viwanda vya Muhoroni, Chemelil na Mumias vilijengwa katika miaka ya 1960 na 1970, kazi ya kiwanda kimsingi ni kukamua maji ya miwa, kuyasafisha kwa chokaa, kuyachemsha hadi yawe mazito, na kutenga chembe za sukrosi na molasi. Sukari guru ni maji hayo hayo yaliyochemshwa na kugandishwa bila molasi kutengwa. Rangi na ladha yake ni tofauti. Sukari iliyomo, kwa sehemu kubwa kabisa, ni ile ile sukrosi.

Asali ni habari nyingine. Nyuki hukusanya maji matamu ya maua, ambayo yana sukrosi nyingi, na kwa kimeng'enya cha mwilini mwake huivunja kuwa glukosi na fruktosi. Takriban asilimia 38 ya asali ni fruktosi na asilimia 31 ni glukosi. Fruktosi ni tamu kuliko sukrosi, na utamu wa glukosi ni mdogo kuliko wa zote mbili. Asali ikikaa huganda kwa sababu glukosi yake hujitenga na kuwa chembe. Mnunuzi anayedhani kwamba ameuziwa asali iliyotiwa sukari ya dukani aghalabu humwonea muuzaji bure.

Mpishi na mgema walizijua tabia za sukari kabla ya mwanakemia kuzipa majina. Ndizi mbichi ni wanga. Ikiiva, wanga huo hugeuka kuwa sukrosi, glukosi na fruktosi, na ndiyo maana mkungu ule ule hupikwa leo na baada ya siku chache huliwa kama tunda. Mtengenezaji wa busaa hulowesha wimbi au mtama hadi uchipue, kwa kuwa punje inayochipua hutoa vimeng'enya vya kukata wanga kuwa maltosi. Kimea hicho kikitiwa katika uji wa unga, uji huo mzito hulegea na kuwa mtamu bila kutiwa sukari. Kisha chachu huila sukari hiyo na kutoa kileo na kaboni dioksidi, na hewa hiyo ndiyo povu lionekanalo. Tembo la mnazi hufuata kanuni hiyo hiyo: likigemwa alfajiri huwa tamu, na kufikia jioni huwa kali, kwa kuwa sukari yake imeshageuka. Katika maziwa lala na katika mursik ya Wakalenjin, mabadiliko ni ya namna nyingine: bakteria hula sehemu ya laktosi na kuitoa kama asidi. Kwa sababu hiyo watu wengi ambao maziwa mabichi huwavuruga tumbo, kwa kuwa hawana kimeng'enya cha kutosha cha kuikata laktosi, huweza kunywa maziwa lala wasipate madhara makubwa.

Rangi ya kahawia ya mahamri na chapati nayo ni kazi ya sukari. Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza mwaka 1912 kwamba sukari yenye ncha huru ikipata joto pamoja na viini vya protini, huzaa rangi na harufu mpya. Harufu ya mkate unaookwa yatokana na hapo.

Sukari sahili mwilini

Anayetafuna kipande cha mkate kwa muda mrefu bila kukimeza atahisi utamu unaanza. Mate yana kimeng'enya cha kukata wanga. Kazi hiyo huendelea katika utumbo mwembamba, na mwisho wake ni kwamba wanga, sukrosi, laktosi na maltosi zote huwa zimeshavunjwa kuwa sukari sahili, kwa kuwa hizo tu ndizo zipitazo ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Hapo sima na keki havina tofauti ya asili. Tofauti ni kasi na kiasi.

Glukosi ndiyo sukari ya damu. Kwa mtu mzima mwenye afya ambaye hajala tangu jana usiku, kiasi chake ni baina ya miligramu 70 na 100 katika kila mililita 100 za damu, au milimoli 3.9 hadi 5.5 katika lita, kama vipimo vya Kenya visomavyo kwa kawaida. Mtu ana takriban lita 5 za damu. Kwa hiyo glukosi yote iliyomo katika damu yake kwa wakati mmoja haizidi sana gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Hata hivyo ubongo peke yake hutumia takriban gramu 120 kwa siku. Kijiko hicho kimoja lazima kimwagike na kujazwa tena mchana na usiku bila kupungua wala kufurika.

Mlinzi wa mizani hiyo ni kongosho. Glukosi ikizidi baada ya mlo, kongosho hutoa insulini, ambayo hufungua njia ili misuli na mafuta ya mwili viipokee glukosi, na huliagiza ini kuiweka akiba kwa umbo la glikojeni. Ini huweka takriban gramu 100, misuli takriban gramu 400. Glukosi ikipungua, kongosho hutoa glukagoni, na ini hufungua ghala lake. Fruktosi haishughulikiwi hivyo. Sehemu yake kubwa huishia katika ini, na ikizidi kwa muda mrefu hugeuzwa mafuta.

Kuna kazi moja ya glukosi ambayo haihusiani na nguvu wala utamu. Katika ukuta wa utumbo mna mlango ambao huipitisha glukosi ikiwa pamoja na chumvi, na maji hufuata nyuma yao. Robert Crane alieleza utaratibu huo mwaka 1960. Katika ugonjwa wa kipindupindu mlango huo hauharibiki, hata wakati maji ya mwili yanapomwagika kwa njia nyingine zote. Kwa hiyo mgonjwa akinyweshwa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, huyanyonya. Daktari Dilip Mahalanabis aliitumia dawa hiyo miongoni mwa wakimbizi wa vita vya Bangladesh mwaka 1971, na wengi ambao wangekufa wakapona. Pakiti za dawa hiyo zipatikanazo zahanati huwa na glukosi gramu 13.5 kwa lita moja ya maji. Pakiti ikikosekana, hutumiwa lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Hapa sukari ni mchukuzi wa maji. Mama anayeipunguza kwa kudhani kwamba ni kiungo cha ladha humnyima mtoto mchukuzi huyo. Anayeizidisha ili mtoto apende kunywa huvuta maji kutoka mwilini na kuzidisha kuhara.

Sukari na ugonjwa

Lugha nyingi zimeupa ugonjwa wa kisukari jina kutokana na dalili yake. Katika Sanskriti uliitwa mkojo wa asali. Jina lake la kitaalamu la Ulaya lina neno la Kigiriki lenye maana ya kupitiliza na neno la Kilatini lenye maana ya utamu wa asali. Kiswahili kimefanya vivyo hivyo, tena kwa ufundi: kiambishi ki- kimelitia neno sukari katika safu ya kifafa, kichocho, kipindupindu na kifaduro. Glukosi ya damu ikipita takriban miligramu 180 katika mililita 100, figo hushindwa kuizuia, nayo huonekana katika mkojo. Utamu wa mkojo ni matokeo. Chanzo ni upungufu wa insulini au mwili kutoitikia wito wake. Kabla ya Frederick Banting na Charles Best kuipata insulini huko Toronto mwaka 1921, mtoto ambaye kongosho lake limekoma kuitoa hakuwa na tumaini. Januari 1922 mvulana wa miaka 14 akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwayo.

Jina lililotokana na dalili si kosa. Matatizo huanza pale neno sukari linapotumiwa peke yake kutaja chanzo, dalili, chakula na dawa kwa pamoja. Mgonjwa huambiwa, "Acha sukari." Kwa kuwa sukari nyumbani kwake ni ile ya kopo, huacha kuitia katika chai na kuamini kwamba ametii. Anaendelea kula sahani ya ugali iliyojaa, mkate mweupe, viazi na maji ya matunda, na hutia asali mahali pa sukari kwa kuwa asali si sukari. Akipimwa na kuambiwa kwamba sukari yake imepanda, hujiona amesingiziwa. Hakudanganya, neno ndilo lililomdanganya. Alipaswa kuelezwa kwamba sukari ya damu hutokana na wanga wa chakula chote, kwamba hahitaji kuuacha ugali ila kuupima, na kwamba unga usiokobolewa, mboga na kunde huifanya glukosi iingie damuni polepole.

Hatari kubwa zaidi ni upande wa pili. Mgonjwa anayetumia insulini, akichelewa kula au akizidisha dawa, glukosi ya damu yake huweza kushuka chini ya miligramu 70. Hutetemeka, hutokwa jasho, husema maneno yasiyoeleweka, na huonekana kama mlevi. Dawa yake wakati huo ni sukari: gramu 15 hadi 20, yaani vijiko vidogo vitatu au vinne, katika maji, maadamu ana fahamu na anaweza kumeza, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu kinywani bali apelekwe hospitali mara moja. Lakini katika nyumba ambamo imesemwa kwa miaka kwamba huyu ana sukari, na kwamba sukari ni sumu kwake, nani atathubutu kumkorogea sukari? Jamaa husimama na kikombe mkononi wakibishana, na ubongo ambao hauna akiba yake wenyewe unakosa kijiko kile kimoja.

Wajibu wa istilahi

Nchini Kenya mwanafunzi hujifunza habari za glukosi kwa Kiingereza darasani, kisha hurudi nyumbani kwa bibi yake ambaye huelezwa ugonjwa wake kwa Kiswahili zahanati. Tanzania imeufanyia kazi uwanja huu kwa muda mrefu zaidi, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ni tunda mojawapo la kazi hiyo. Lakini istilahi iliyomo kamusini haijafika bado kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mfano wa Kijerumani unafaa kuangaliwa. Mjerumani ana majina ya maabara, yenye asili ya Kigiriki na Kilatini, na sambamba nayo ana majina ya nyumbani: glukosi kwake ni sukari ya zabibu, fruktosi ni sukari ya matunda, laktosi ni sukari ya maziwa, maltosi ni sukari ya kimea. Tabaka hizi mbili hazigombani. Daktari huchagua kufuatana na anayemsikiliza. Kiswahili kinazo nyenzo zote za kufanya hivyo. Kina -osi kwa tabaka la maabara. Kina -a unganifu kwa tabaka la nyumbani, na virai kama sukari ya maziwa, sukari ya matunda, sukari ya miwa na sukari ya damu hueleweka mara visikiwapo. Kina kivumishi sahili, kilichokwisha zoeleka katika sarufi. Kina pia wanga, neno ambalo pwani lilikuwa jina la unga mweupe wa mzizi mmoja tu, na ambalo limepanuliwa kubeba jamii nzima ya vyakula vya namna hiyo. Upanuzi huo waonyesha kwamba watumiaji wa lugha hawaogopi maana mpya ikiwa inawafaa.

Kwa hiyo yafaa kanuni tatu zizingatiwe na waandishi wa vitabu, watafsiri na watangazaji. Ya kwanza, neno sukari likiwa peke yake liachiwe sukari ya dukani, kwa kuwa hivyo ndivyo wengi walisikiavyo. Ya pili, kipimwacho hospitalini kiitwe daima sukari ya damu, na ugonjwa uitwe kisukari, wala isisemwe kwamba mtu "ana sukari", kwani kila aliye hai ana sukari ya damu, na akiikosa hufa. Ya tatu, agizo la chakula litaje wanga pamoja na sukari. Hata kirai sukari huru, ambacho chaweza kutumiwa kufasiri pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, kinahitaji maelezo: ndani yake mna sukari iliyoongezwa, asali na maji ya matunda, wala haimo sukari ya tunda zima wala ya maziwa. Msomaji asipoelezwa, ataacha maembe na kuendelea na soda.

Hitimisho

Sukari sahili ni molekuli ndogo zenye fomula moja na tabia mbalimbali. Ndizo zinazojenga unga na mwiko, zinazochachua tembo, zinazoupa mkate rangi, zinazoulisha ubongo na kumrudishia maji mtoto anayehara. Kemia imezitenga kwa uangalifu mkubwa, hata kufikia upande ambao kikundi kimoja cha atomu kimeelekea. Lugha inayozizungumza haina budi kuwa na uangalifu unaokaribia huo. Bibi aliye zahanati hatapewa muda wa kujifunza kemia. Atapewa sentensi moja au mbili za Kiswahili, naye atakula, atakunywa na atatibiwa kufuatana na sentensi hizo. Yafaa ziwe sentensi sahihi.